Mashine Iliyomsalimia Shangazi

Musoma,
Jumamosi, 28 Septemba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Nimekaa chini leo nikiwa nimejiahidi kukueleza yote, hata yale ambayo yatakufanya useme, "Huyu mtoto shule imemzidi." Kwanza shikamoo. Mimi ni mzima. Kikohozi nilichoondoka nacho nyumbani kimekwisha, na michembe ya viazi uliyonifungia imekwisha pia, maana bweni zima lilijua nimerudi na kitu. Matroni wetu mpya ni mkali kuliko yule wa zamani lakini anagawa barua kila Jumamosi bila kukosa. Fizikia nimekuwa wa pili darasani. Wa kwanza ni mvulana, lakini mwaka haujaisha.

Sasa jambo lenyewe. Ni ile mashine ya kukaushia nguo aliyokuachia Mama Kushal walipohamia Dar.

Nilipokuwa nyumbani likizo fupi, nilikuona unavyoiwasha. Plagi yake ni ya Ulaya, ina pini mbili za mviringo. Soketi yetu ina matundu matatu. Wewe huchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili yale mawili ya chini yafunguke, kisha unaisukuma plagi kwa nguvu mpaka inaingia. Siku moja nilitoka kuoga, miguu mitupu, nikaegemea ubavu wa mashine nikahisi imening'ata mkono mzima. Ukacheka. Ukasema, "Inakusalimia tu. Vaa kandambili." Nikavaa, na nikasahau.

Wiki hii Mwalimu Chenge ametufundisha ethi, na nikaikumbuka ile salamu ya mashine.

Shangazi, umeme huingia kwenye mashine kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Ukivuja humo ndani ukagusa bati la nje, hutafuta njia ya kwenda ardhini. Waya wa tatu, wa kijani wenye mstari wa njano, ndiyo ethi, njia iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Kwenye ile plagi ya Ulaya, ethi imewekwa ubavuni, kwenye vibati viwili ambavyo soketi yetu haivigusi kabisa. Kwa hiyo mashine yako haina ethi. Kalamu inafungua mlango tu, haipitishi kitu. Njia pekee iliyobaki ya kufika ardhini ni wewe, na kandambili ikiloa haitakusaidia.

Naomba mambo mawili. Usiiwashe tena mpaka Fundi Venant aje. Akija, azime meinswichi kwanza, akate plagi hiyo, afunge ya pini tatu yenye fyuzi yake: waya wa kahawia kwenye pini ya fyuzi, wa bluu upande wa pili, wa kijani na njano kwenye pini ndefu ya juu. Pia mashine ipewe soketi yake yenyewe, na waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye meinswichi. Isichangie ekstensheni na friji, maana inakula umeme mwingi na ekstensheni ile nimeigusa, ilikuwa ya moto.

Kwaya mmeanza mazoezi ya Krismasi? Nisalimie wote wa Igogo.

Mwanao,
Odeta


Igogo, Mwanza
9 Oktoba 2024

Odeta mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kikohozi kimekuacha. Hapa tu wazima. Mvua zimeanza mapema na kwa fujo. Yale majabali yangu ya kuanikia hayakauki tangu Jumapili, na hata jua likitoka, korongo wanashuka kutoka kwenye mti wa jirani na kutembea juu ya mashuka kama wakaguzi. Wiki iliyopita nimefua shuka moja mara tatu. Kwa hiyo usiniambie nisiwashe mashine. Mashuka ya gesti ninayofua kwa malipo yangekaushwa na nani, na barua yako?

Lakini sikukudharau. Nilimwita Venant nikamsomea. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe tuna injinia Musoma na hatujui!" Nikamwambia acheke huku anafanya kazi. Amefunga plagi mpya kama ulivyosema, kijani juu, nikamsimamia na barua mkononi kama mwalimu wa zamu. Ametoa waya mpya kutoka kwenye meinswichi, ameweka soketi ya mashine peke yake. Hakutaka nimlipe. Unamjua, tangu alipoifunga nyumba hii umeme hajawahi kukubali kitu zaidi ya chakula. Anaimba besi vizuri mwaka huu. Kila Jumapili baada ya ibada anapita hapa, na kuna maneno mengine tutaongea ukija Desemba.

Mbuzi wa Mama Ngosha amepanda tena jabali kubwa akashindwa kushuka. Walimteremsha kwa kamba, mtaa mzima unashangilia kama mpira.

Mashine sasa ina adabu. Inasalimia kidogo sana. Ila friji nalo limeanza. Juzi hata jagi la kuchemshia maji lilinisalimia. Venant anasema ni unyevu wa mvua, ukuta umeloa.

Soma, mwanangu. Uwe wa kwanza.

Shangazi yako,
Evelina


Musoma,
Jumamosi, 19 Oktoba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ziwa la huku nalo limechafuka kwa mvua, tunakula dagaa kila siku. Habari nyingine nitazisema baadaye kwa sababu nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mstarini na nimeshindwa kukaa.

Si unyevu.

Nilimpelekea Mwalimu Chenge swali lako bila kutaja nyumba ni ya nani. Nilisema, "Mtu alikuwa na mashine moja inayopiga shoti. Akaifungia ethi. Sasa friji na jagi navyo vinapiga. Kwa nini?" Aliweka chaki chini. Akaniambia, "Mtaro mmechimba, lakini hauna pa kumwagia maji."

Nakueleza kama nilivyoelewa. Nyaya zote za ethi za nyumba zinakutana mahali pamoja, kisha waya mmoja unatoka nje kwenda kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Mimi nilikwambia uiunganishe mashine na nyaya hizo, na Venant akafanya. Sasa umeme unaovuja kwenye mashine unaingia kwenye ethi ya nyumba nzima. Kama fimbo ingekuwa imezama sawasawa, umeme huo ungekwenda zake ardhini. Haukwenda. Umekwama, ukasambaa kwenye kila kitu chenye pini ya tatu. Ushauri wangu ulikuwa sahihi, ila ulikuwa nusu, na nusu hiyo imeleta shoti mpaka kwenye friji lako. Sikupenda kuliandika hili lakini niliahidi kusema yote.

Tafadhali, ukimaliza kusoma mstari huu, nenda kachomoe mashine. Uvujaji unatoka kwake, kwa hiyo ikichomolewa friji litatulia. Kisha zunguka nyuma ya nyumba, chini ya mita, utafute pale waya wa kijani unapoingia ardhini. Usiuguse. Niambie tu unachokiona. Fimbo inaonekana? Imesimama wima au imelala? Chini yake ni udongo au ni jabali?

Nasubiri Jumamosi.

Odeta


Igogo,
3 Novemba 2024

Mwanangu Odeta,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na mambo mengi. Kwaya tumeshonewa sare mpya, rangi ya zambarau, mimi yangu imebana mabega nimeirudisha. Mama Ngosha amemuuza yule mbuzi. Kuna baba mmoja kaleta samaki, sato wakubwa kutoka kisiwa cha Kome, nimekukaushia wawili, utawakuta. Mchungaji amehubiri juu ya subira, watu wakalala. Mvua bado. Mpapai ulioota kwenye ufa wa jabali umeanguka wenyewe.

Kuhusu nyuma ya nyumba, kule ni mawe tu, unapajua.

Mkono umechoka kidogo, naishia hapa. Usiwe na wasiwasi na watu wazima.

Shangazi


Musoma,
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hongera kwa sare, na pole kwa mpapai.

Umeniandikia habari za mbuzi, sato, mchungaji na mabega yako. Neno mashine halimo. Friji halimo. Fundi Venant, ambaye katika barua iliyotangulia alikuwa na mistari mingi, hayumo. Jumapili iliyopita, kabla barua haijafika, nilimwomba matroni akupigie kwa simu yake. Aliniambia ulisema, "Mwambie tuko salama, asome," na simu ikakatika. Matroni anadhani ni mtandao. Mimi nimelelewa na wewe.

Mkono umechoka kwa nini?

Nitasema ninachokifikiri, na kama nimekosea unichape Desemba. Nilikuwa darasa la tatu Fundi Venant alipofunga umeme nyumbani. Nakumbuka alipigilia chuma nyuma ya nyumba mpaka jirani wakatoka kutazama. Kilikuwa kinaruka, hakiingii. Kisha nikasikia msumeno. Nilifikiri mafundi wote hufanya hivyo. Nafikiri na wewe uliusikia, na ulipokwenda nyuma kutazama baada ya barua yangu uliona kilichobaki, ndiyo maana hutaki kuandika. Hutaki kumwaibisha mtu aliyekufanyia kazi bila malipo, na ambaye mna maneno ya kuongea Desemba.

Simlaumu. Igogo hata mti unaomba ruhusa kwa jabali. Lakini Shangazi, wewe ndiye mzazi niliye naye. Aibu ya Fundi Venant itapoa. Nikiitwa ofisini kuambiwa nifungashe niende nyumbani, hiyo kwangu haitapoa.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Ukurasa wa pili wa barua hii ni wake. Sijamtuhumu, nimemwomba anifundishe. Mpe asome mbele yako, na wewe usiseme kitu.

Odeta


(Ukurasa wa pili)

Kwa Fundi Venant,

Shikamoo. Hongera kwa sauti ya besi, nimeambiwa.

Naomba msaada wa masomo. Sisi hapa Musoma tunajifunza kupigilia fimbo ya ethi kwenye udongo laini wa uwanja wa shule, inazama yote kwa nyundo chache. Wewe umefunga nyumba nyingi za juu ya majabali, na hilo vitabu vyetu havilielezi vizuri. Naomba unijibu maswali haya. Fundi akikuta jabali, fimbo inafika wapi? Ikigoma, ethi inapelekwa wapi? Na unaweza kunipimia ya nyumbani kwetu, kipande kilichomo ardhini tu, ili niwe na mfano halisi wa kuwaonyesha wenzangu?

Nakuheshimu na nakushukuru kwa taa zote nilizosomea.

Odeta


Igogo,
19 Novemba 2024

Odeta, ng'wana wane, mwanangu,

Marahaba, marahaba. Leo nami nitasema yote, kwa hiyo vuta kiti.

Ni kweli niliusikia msumeno. Na nilikwenda nyuma siku ile ile barua yako ilipofika. Nilipoiona ile fimbo nikarudi ndani, nikasema moyoni, mtu huyu anataka kuleta wazee wake kwetu, nitaanzaje kumwambia kazi yako ni kiinimacho? Nikaona bora nikae kimya, niwe mwangalifu. Mashine sikuichomoa. Mashuka yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni.

Kesho yake nilifungua friji mkono una maji. Nikajikuta nimekaa sakafuni katikati ya maharage, sufuria iko kule, sijui nani aliirusha. Mkono wa kulia ulikufa ganzi mpaka jioni, na bado vidole viwili vinachelewa kuamka asubuhi. Hapo ndipo nilipochomoa. Ile barua ya sato na mbuzi niliiandika kwa shida, ndiyo maana herufi zilikuwa kama za Mama Ngosha.

Venant alikuja Jumatano baada ya mazoezi ya kwaya, na hamu yake ya wali. Nikampa ukurasa wako. Akasoma mara ya kwanza huku anatabasamu. Akasoma mara ya pili, akavua kofia.

"Evelina, huyu mtoto ananiuliza au ananihukumu?"

"Anauliza. Mjibu."

"Ananiuliza urefu."

"Kapime basi. Futi kamba iko kwenye begi lako."

Aliitoa, akazunguka nyuma. Nikamfuata. Alizima meinswichi, akaishika ile fimbo kwa mkono mmoja, akaivuta. Ilitoka kama karoti! Odeta, ni fupi kuliko mwiko wangu wa ugali. Juu imefungwa waya vizuri kabisa, na mpira mweusi, inapendeza. Chini haina kitu.

Akasema, "Jabali lilikataa. Nilivunja mpini wa nyundo siku ile. Nikasema nitarudi na njia nyingine."

"Ulirudi," nikamwambia. "Kila Jumapili. Kula."

Hakucheka. Na mimi sikutaka acheke. Nikamwonyesha vidole. Nikamwambia habari ya maharage. Mtu mzima yule alikaa chini juu ya jiwe akashika kichwa, nami nikamwacha akae, sikumletea hata maji.

Kisha akanyanyuka akauliza, "Maji ya kuogea yanaishia wapi?"

Yanaishia kwenye migomba, kule chini ambako mvua imeleta udongo miaka yote. Kesho yake akaja na sululu. Amechimba mfereji kutoka chini ya mita, akalizunguka jabali, mpaka kwenye migomba. Nilidhani atachoka akatize, na kila alipotaka kupumzika nilitoka nje nikasimama. Kule chini fimbo zimezama mbili, nzima, nimeziona kwa macho yangu zikiwa ndefu nikaziona zikiisha. Amezifunga pamoja kwa waya mnene wa shaba, akaufukia. Kisha akaazima kifaa cha kupimia kwa fundi mwenzake wa Nyakato, akapima, akapima tena, akaniita nione mshale. Mimi mshale siujui, lakini uso wake niliusoma.

Akafungua na mashine yenyewe. Ndani imejaa manyoya ya nguo kama mto. Waya mmoja unaopita kwenye tundu la bati ulikuwa umesuguliwa na ule mtikisiko mpaka ganda likatoka. Hapo ndipo ilipokuwa ikivuja. Ameubadilisha, ameweka mpira kwenye kingo za tundu, na manyoya ameyatoa yote, anasema yakizidi hushika moto. Unaona, injinia wangu, ethi peke yake isingetosha. Hilo hukuniambia.

Mwisho amefunga kwenye meinswichi swichi mpya. Anasema umeme ukivuja hata kidogo hukata wenyewe kabla mtu hajaumia. Ina kitufe kidogo chenye herufi T, akaniambia nikibonyeze kila mwezi. Hicho kitufe nimekibandika plasta juu yake, ile ya kidonda, mtu asije akakigusa kwa bahati mbaya akaiharibu. Kitu kizuri hakichezewi.

Venant anakujibu kwa mdomo wangu: "Fundi akikuta jabali, azunguke." Amesema hilo mliandike daftarini. Kuhusu wazee wake na mengine, hayo si ya umeme, sikuandikii.

Mashine inafanya kazi tangu juzi. Nimeigusa, imenyamaza. Mashuka ya gesti yamekwenda makavu.

Shangazi yako,
Evelina


Musoma,
Jumamosi, 23 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole sana kwa mkono. Nimeisoma barua yako bwenini kwa sauti, isipokuwa pale pa vidole, pale nilipasoma peke yangu. Wenzangu wamepiga makofi fimbo ilipotoka kama karoti. Jibu la Fundi Venant nimelipeleka kwa Mwalimu Chenge, ameliandika ubaoni, na chini yake akaandika, "Fundi wa Igogo, Mwanza." Mwambie. Mwambie pia kwamba la waya uliosuguliwa amenifundisha yeye, sikulijua.

Ni kweli sikukwambia kwamba uvujaji wenyewe lazima utibiwe. Nilikuwa nimeshika ethi tu, kama mtu aliyeweka ndoo chini ya paa linalovuja akaridhika. Sasa najua.

Umepumzisha mkono? Mtu mwingine akufulie mashuka mazito kwa sasa, na ganzi ikiendelea nenda ukaonwe hospitali ya Bugando. Hilo si ombi.

Nimebaki na jambo moja, na siwezi kulisubiri mpaka tufunge shule.

Ibandue plasta, Shangazi. Kile kitufe hakiharibu swichi. Kinaifanyia jaribio. Swichi ile hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na viwango vikipishana inakata. Ukibonyeza T, kitufe kinatengeneza uvujaji mdogo wa uongo, usioweza kukudhuru, ili swichi ionyeshe kama iko macho. Swichi isiyojaribiwa inaweza kukaa pale ukutani, mpya, safi, ikiwa imelala, na hakuna atakayejua mpaka siku inapohitajika. Wewe unaiamini kwa sababu inapendeza. Fimbo nayo ilipendeza.

Fanya hivi. Vaa viatu vikavu, kausha mikono. Bonyeza T mara moja, uachie. Sauti itasikika, swichi itajishusha chini, na nyumba yote itazimika. Usishtuke, hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Ipandishe juu, taa zitarudi. Kama ukibonyeza na taa zikabaki zinawaka, usiiguse mashine, ichomoe kwa plagi yake, na umwite Fundi Venant siku hiyo hiyo, hata kama ni siku ya mazoezi ya kwaya.

Basi la asubuhi linaleta barua huku Ijumaa, na matroni anagawa Jumamosi. Nitakuwa wa kwanza mstarini. Sihitaji habari nyingine safari hii, hata za wazee wa Fundi Venant, ingawa hizo nazitaka. Nenda sasa ukutani, kabla hujaitafuta karatasi ya kunijibu, ubonyeze, kisha uniandikie neno moja tu.

Je, imekata?

Mwanao,
Odeta